Mzunguko wa Makaburi

Sisi kwetu, ukienda kuwaita wazee makaburini hairuhusiwi kurudi kwa njia uliyoendea. Unashuka na msitu, unatokea kwenye mawe, unapandia upande wa pili mpaka nyumbani. Ukigeuzia katikati ni kama umemwamsha mtu halafu umemwachia mlango wazi kwenye baridi.

Zamani tulikwenda wanawake wengi, tukishavuna mahindi, tumebeba unga, maharage na ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye dumu. Kila kaburi mkubwa anaita jina, mdogo anaitikia kwa kulirudia. Likishaitikiwa limepata wa kulibeba. Hayaandikwi, ndiyo maana hata hapa siyaandiki. Ila yote ninayo, mpaka ya vitoto vilivyokufa kabla ya kuota meno.

Mwaka jana nilibaki mimi tu. Wenzangu wamekufa, na yule mmoja aliyepo hatoki kitandani. Nikampigia binti yangu wa mwisho, ameolewa Mbeya, nikamwambia njoo unipokee majina, magoti haya hayatazunguka tena. Akaja, na raba mpya na koti la mvua la kijani.

"Mama, si tungekodi bodaboda?"

"Bodaboda ipite wapi humo? Kwenye mgongo wa mbega?"

Siku ya kwanza alicheka sana. Msituni ukungu umeshuka, majani yanadondosha maji hata kama mvua haipo, mizizi inateleza kama sabuni. Alinishika mkono nisianguke, tukaanguka wote. Makaburi ya mle huyaoni, unayajua kwa mti na kwa kijito. Nikaita la bibi yake baba yangu. Akaitikia. Nikaita la dada yake huyo bibi. Akaitikia, lakini kama mtoto wa shule anayemfuatisha mwalimu, huku anajipangusa matope. Ulanzi hakuugusa, ameokoka. Nikamwaga mwenyewe.

Jioni, pale tulipolala msituni, maharage yakiwa motoni, nikamjaribu. "Haya, la kwanza lilikuwa nani?"

"Si yule wa kwenye mti ulioanguka?"

"Mti umeushika. Jina je?"

"Mama, mimi nimechoka bwana."

Kesho yake tulipotoka msituni tukaingia kwenye mawe, yale makubwa kama nyumba, jua linapiga mpaka unayahisi moto chini ya viatu. Hapo kwenye kivuli cha jiwe moja amelala kaka yake, kifungua mimba wangu. Yeye hakumwona, alikuwa hajazaliwa. Nikamwita mwanangu kwa jina lake. Binti yangu akainamia raba zake.

"Itikia, mama," nikamwambia.

"Nikiitikia nitakuwa nadanganya."

"Unamdanganya nani?"

"Wewe. Mimi huku sitakuja tena, mama. Wanangu Kihehe chenyewe hawakijui, wanaongea Kinyakyusa cha baba yao na Kiswahili. Nimlete nani aje aniitikie mimi? Na kanisani kwetu mambo haya…" Akajifuta macho na mkono wa koti. "Nimekuja kwa ajili yako. Sikuja kwa ajili yao."

Angekuwa na kiburi ningemgombeza, kugombeza nakujua. Lakini alikuwa anasema kweli. Hata angeyashika yote, angeyapeleka wapi?

"Basi turudi," akasema. "Msituni ni karibu."

"Haturudi. Tunamaliza."

Tukamaliza. Alinibebea mzigo wote, penye mwinuko akanisukuma kiunoni kama anasukuma gari bovu, asubuhi akanichemshia uji. Mtoto mzuri, sina la kumsema. Kila kaburi alisimama pembeni, ameshusha kofia ya koti, ananisubiri. Mimi naita, upepo unapita kwenye mawe, tunaendelea. Nilikuwa naita haraka haraka sasa, kama mtu anayefunga duka.

La mwisho ni la mume wangu, juu ya shamba letu, unaliona bati la nyumba. Nikajipa moyo kidogo. Hili analijua, alilibeba shuleni nyuma ya jina lake mwenyewe. Nikaliita kwa nguvu, nikasubiri.

"Baba," akasema, akaanza kulia.

Baba wapo wengi. Nikamshika bega, halafu nikaliitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba, kama ya mtu mdogo.