Nyanya za Sharifo na Unga wa Chaza

Nyanya za Sharifo zilikuwa fahari kwa juu na aibu kwa chini. Ukiitazama moja ingali mtini, ungesema ni bibi harusi. Ukiigeuza, kitako chake cheusi, kimebonyea kama kidonda cha mgongo wa punda. Msimu wa kwanza alilaumu wadudu. Wa pili alilaumu jicho la watu.

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande wa Modogashe, na alijifunza kushika jembe ukubwani, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa mumewe na kuwateremsha hadi ukingo wa Tana, nje kidogo ya mji wa Garissa. Hapo kikundi cha akina mama kilimgawia kipande cha shamba. Ardhi inayofikiwa na maji ya pampu ni haba, na kikundi kina sheria yake: asiyevuna humpisha anayesubiri. Ruqiya, mwenyekiti, hakuizunguka sheria hiyo.

"Sharifo, zikioza tena, kipande nampa Weris," alisema. "Usije ukaninunia."

"Nitanuna."

"Basi nuna, lakini ukiwa nje ya uzio."

Ndipo Sharifo alipokwenda kumwita Aketch, afisa wa kilimo aliyehamishiwa Garissa kutoka Siaya. Aketch alichota udongo, akaupima, akatikisa kichwa.

"Mama, umechachuka. Huu ni mchanga mtupu, maji yanauosha, na mbolea ya dukani imeuongezea uchachu miaka yote hii. Chokaa yake imekwisha. Nyanya haina cha kujengea kitako. Lamu kuna watu wanaosaga maganda ya chaza kwa ajili ya kuku. Uchanganye unga huo na samadi mapema, kabla ya kupanda, kisha umwagilie bila kuruka siku. Lakini usimgawie jirani kabla sijampimia; udongo mwingi wa huku hauutaki kabisa."

"Chaza ni nini?"

"Mnyama wa baharini. Anaishi ndani ya ganda."

"Samaki?"

Aketch alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa ukweli. "Binamu wa konokono."

"Afadhali ungesema samaki," Sharifo akajibu.

Hata hivyo aliagiza. Gunia lilipakiwa kwenye basi la Lamu, likashushwa Garissa, likafika nyumbani kwake kwa mkokoteni wa punda. Aliliegemeza kwenye uzio, akaenda mtoni kuangalia mifereji.

Huku nyuma akaja Korane, mdogo wake, mtu wa ngamia tangu tumboni. Wakati huo majike wake walikuwa wamezaa, naye alikuwa amewasogeza karibu na mji ili auze maziwa. Aliliona gunia, akalifungua, akakuta unga mweupe. Alilowesha kidole, akaonja. Ukali haukuwapo, lakini uchumvi ulisikika kwa mbali. Kwa mfugaji, unga mweupe uliofungwa guniani na kuachwa mlangoni ni kitu kimoja tu: chumvi ya ngamia. Dada yake amemkumbuka. Korane alimwombea dua pale pale, akaupeleka mzigo kwa ngamia na kuumimina horini.

Walioshuhudia hawakubaliani juu ya idadi ya ngamia waliolamba. Wanakubaliana kwamba mmoja alipiga chafya. Sharifo alipolikosa gunia na kufuata michirizi ya unga, alikuta ngamia wana midomo myeupe kama wazee walioibia pipa la unga, na ndugu yake mweupe kuanzia kope hadi kandambili.

"Abaayo, dada yangu, Mungu akuzidishie," Korane alisema, akijipangusa. "Nilidhani umenisahau, tangu ulipoanza kufuga nyanya."

"Korane. Umewapa nini hawa?"

"Chumvi uliyoniletea."

"Hiyo si chumvi. Ni maganda ya mnyama wa baharini, yamesagwa."

"Mnyama gani?"

"Binamu wa konokono."

Korane aliketi chini. Hakuhofia uhai wa ngamia. Walionekana wanataka zaidi. Alihofia maziwa. Mji mzima ulikuwa ukiyanywa, Ruqiya akiwa wa kwanza kila asubuhi. Watu waliolelewa wakitukanana kwa kusema "usinisemeshe kwa kinywa kilichokula samaki," wangeyapokeaje maziwa ya ngamia aliyelamba konokono?

"Abaayo, usimwambie mtu."

Sharifo alikuwa tayari kulia. Alimtazama ndugu yake, akamtazama ngamia aliyekuwa bado anajilamba pua, na kilichomtoka hakikuwa kilio. Alicheka mpaka akaushika uzio.

"Sitasema," alisema alipopata pumzi. "Lakini utashika jembe."

Wakazoa kilichobaki horini, wakafagia kilichomwagika pamoja na samadi iliyokuwa chini yake. Aketch alipoona mchanganyiko ule alisema kwamba ndivyo hasa alivyokuwa akitaka, ingawa angependelea ngamia wasishirikishwe katika mapishi. Korane akalima. Alijifunika shuka usoni kwa aibu, na wafugaji wenzake walipomuuliza alijibu kwamba ananyoosha mgongo. Mgongo ule ulinyooshwa hadi nyanya zikapandwa, na hadi zikaiva. Kufikia hapo alikuwa akigombana na yeyote aliyekanyaga tuta lake.

Ruqiya alikuja kukagua na kikundi kizima. Alichuchumaa, akageuza nyanya moja, ya pili, ya kumi. Vitako vilikuwa vyekundu, vigumu, vinang'aa.

"Umetia nini humu?"

Sharifo angeweza kusema samadi. Lakini akina mama wale ndio waliompokea akiwa mikono mitupu. "Maganda ya chaza. Ya baharini."

Watu wakarudi hatua nyuma. Ruqiya aliishika nyanya kwa ncha za vidole, kama soksi ya mtu mwingine.

"Ni halali, najua," alisema. "Lakini moyo nao una madhehebu yake. Nyanya isiyolika ina tofauti gani na iliyooza?"

Weris alikwisha kuanza kukitazama kipande kwa jicho la mwenye mali. Ndipo Korane, aliyelima msimu mzima ili siri isitoke, akashindwa kuvumilia jasho lake lidharauliwe.

"Mbona maziwa mnakunywa?"

"Maziwa gani?"

"Ya ngamia wangu. Waliulamba unga huo huo horini. Na kesho yake wewe, Ruqiya, ulinirudishia kibuyu ukataka nikuongezee."

Weris ndiye aliyeanza. Kicheko kilimpiga kama kwikwi, akamwangukia mwenyekiti begani, na wengine wakafuata mpaka mtu wa pampu akaizima aje aone kuna nini. Ruqiya peke yake hakucheka. Aliitazama nyanya, akaiuma. Maji yalimchuruzika kidevuni hadi kwenye jilbabu. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, akiitafuta bahari.

"Siioni," alisema hatimaye. "Kipande ni cha Sharifo. Weris, utasubiri." Akanyoosha mkono kwenye nyanya ya pili. "Na wewe Korane, kesho niletee maziwa mapema. Safari hii nataka kuyanywa nikijua."

Sharifo alitaka kumshukuru kwa adabu inayostahili, lakini kicheko kilimzidi, akaketi ndani ya mfereji.