Ufunguo wa Nasipwondi

Jumamosi, tarehe 11 Juni 1988, Selpha Amolo alifika kwenye nyumba mpya za Nyamasaria saa moja na nusu asubuhi. Kufikia saa nne alikuwa amerekebisha bawaba za milango mitatu iliyokuwa ikikwaruza sakafu. Kutoka hapo hadi saa tisa alisimama kando ya meza ya Mzee Zadock, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, akiwaonyesha wapangaji wapya jinsi ya kufunga makomeo. Saa ya mwisho, kabla ya muda kwisha, hakufanya kazi yoyote. Aliutazama ufunguo mmoja uliobaki mezani.

Nyumba zilikuwa kumi na mbili, za matofali na mabati, zilizojengwa na Bwana Jayantilal, mwenye kiwanda cha sabuni. Serikali ilikubali kumpunguzia ushuru kwa sharti kwamba azipangishe kwa bei nafuu kwa watu wa kipato kidogo, na kila familia iliyochaguliwa ije yenyewe kuchukua ufunguo kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo. Asiyefika, nafasi yake ingemwendea anayefuata kwenye orodha. Selpha, seremala aliyehitimu chuo cha ufundi, ndiye aliyetengeneza milango yote. Na kwa kuwa aliishi mtaa wa mabanda wa Obunga, walikotoka waliochaguliwa, ndiye aliyetumwa kuwapelekea habari.

Aliwaambia wote isipokuwa mmoja, Nasipwondi. Alikuwa amemkuta mlangoni, kichwa kimenyolewa, akichota kwa sufuria maji ya mvua yaliyoingia chumbani. Mumewe, Wanyonyi, alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Selpha alilelewa akijua kwamba mjane wa karibuni haingii nyumba ya mtu, sembuse nyumba mpya, mpaka watu wa mumewe wamalize taratibu zao. Kumtajia ufunguo wakati huo aliona ni kama kumdhihaki. Akampa pole, akanywa uji aliokaribishwa, akaenda zake. Mzee Zadock alipoelezwa kuhusu msiba huo, alitikisa kichwa kwa huruma na kukubali kwamba mama huyo hataweza kuja.

Saa kumi ilipotimu, ufunguo ukachukuliwa na familia ya Oduor.

Jumatatu Nasipwondi alikuja kwenye karakana ya Selpha. Habari alikuwa amezipata kwenye foleni ya maji. Alipopewa kiti, hakuketi.

"Fundi, wiki jana ulikuja kwangu."

"Nilikuja, Mama."

"Mdomo wa kunywa uji ulikuwa nao. Wa kusema nyumba uliuacha wapi?"

Selpha alieleza yote, macho yake yakiwa kwenye randa. Nasipwondi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni mila ya kabila lenu," alisema. "Mimi ni Mbukusu, na Wanyonyi alikuwa Mbukusu. Nilinyolewa nyumbani Bungoma, matanga yakaisha, nikarudi kutafuta vibarua. Ungeniuliza tu. Ama mjane hana masikio?"

Mchana huo Selpha alikwenda kwa Mzee Zadock, akakiri kwamba hakupeleka ujumbe. Mzee akasema kosa lilikuwa lao wawili, lakini watoto wa Oduor walikuwa wamekwisha kulala katika nyumba ile, nani angewatoa? Labda safu ya pili ya nyumba ikijengwa, mama huyo angepewa.

Selpha hakuwa na nyumba ya kutoa. Alikuwa na mbao zilizobaki, akatengeneza mlango wa kumi na tatu kwa vipimo vya wale wengine, akaubeba hadi Obunga, kwa Nasipwondi. Mwimo wa chumba cha udongo ulikuwa mfupi. Ikabidi aukate mlango chini, Nasipwondi akiushikilia upande wa pili. Walipomaliza alishukuru, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni. Uji hakumkaribisha.

Mwezi Juni 1989, safu ya pili ilikuwa bado haijajengwa, kwa sababu ombi jipya la Bwana Jayantilal la kupunguziwa ushuru lilikataliwa. Nasipwondi na watoto wake walikuwa bado Obunga, na mvua ilipokuwa kubwa, maji yaliingia chini ya mlango wa Selpha.