Siku Nilipowahesabu Wakwe Nikiwa Ndani ya Kapu

Jamani, msicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza, na hata leo nikiona kapu la unga masikio yananiwaka.

Ilikuwa ule mwaka serikali ilipoamua kuwahesabu watu wa Tanganyika kichwa kwa kichwa (zamani walihesabu vibanda na walipa kodi, halafu wanawake na watoto wakawakisia tu, yaani nusu ya nchi ilikuwa ya kukisia), wakatafuta vijana wanaojua kalamu, na mimi mwalimu wa madarasa ya chini kule Mbozi nikawa mmojawapo. Bwana Shauri, yule mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya, akatukusanya akatupa amri kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe: "Kila mtu nalala Tanganyika usiku ya jana, hesabu. Nalala ng'ambo, hapana hesabu. Na wewe karani lazima naona yeye na macho yako!"

Amri nyepesi, mtoto angeielewa. Tatizo likaja kwenye kugawa vijiji, maana mimi nilipewa kijiji kimoja cha Wanamwanga pale mpakani Tunduma, kwao mchumba wangu Tabitha. Na mnajua mila zetu: kijana aliyeposa hamtazami mama mkwe, wala mama mkwe hamtazami yeye, mkikutana njiani kila mmoja anaingia porini kwake, mpaka ndoa ipite na mfanyiwe ile siku ya kusalimiana. Na si huyo mama mmoja tu, dada zake na wake wa ukoo mzima wote ni mama wakwe! Ukiwatazama kabla ya siku, posa imevunjika, na Mzee Silwimba, baba yake Tabitha, hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mwenzangu aliyepangiwa Kamsamba aliniomba tubadilishane kwa sababu aliliogopa joto la kule. Mwenye akili angekubali. Mimi nikakataa kwa kuwa nilikuwa nimeazima kofia ya pama, na kaptula nimeipiga pasi ya mkaa hadi inakata, na nilitaka Tabitha anione.

Basi nikaingia kijijini asubuhi, kifua mbele. Hata uani sikufika. Mama mmoja akapiga yowe, "Mkwe! Mkwe huyo!" na papo hapo akina mama wote wa rika lake wakatimua mbio, huyu na mwiko, yule na mchi begani, wakapasua shamba la mahindi, wakaipita bikoni, lile jiwe la alama ya mpaka, wakaingia Rodesia, ndiyo Zambia ya leo. Na mimi kwa heshima nikageuka nikakimbilia upande wa pili (kofia ikabaki njiani, mbuzi akaipitia), nikajibanza nyuma ya ghala.

Mzee Silwimba akanifuata huko. "Mwalimu, umekuja kuhesabu au kukimbizana?"

"Baba, nisamehe, nimeona migongo tu."

"Migongo si kitu. Lakini mzungu wako akija hapa akakuta wanaume na watoto peke yao, atasema hawa watoto tuliwavuna shambani?"

Nikiwaacha akina mama bila kuhesabiwa, Bwana Shauri atanila nyama. Nikiwatazama, Tabitha ndiyo basi tena. Mzee akawaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na kapu kubwa la unga wa mahindi, akalikung'uta mara moja (angelikung'uta vizuri, nisingekuwa na cha kusimulia), akanivika mpaka mabegani. "Kaa hapo kwenye kigoda. Watapita, kila mmoja atagonga kapu, wewe chora mstari. Usiwaulize jina, hawawezi kumtajia mkwe jina."

Nikakaa. Giza, unga puani, karatasi gotini. Wakaja, na kicheko nakisikia toka mbali. Ko! Nikachora. Ko! Nikachora. Ko, ko! "Mama, moja tu!" nikalia. Wakaangua kicheko, na makofi yakazidi, nikachora mpaka mkono ukauma, nikaanza kushangaa kijiji hiki kidogo kina akina mama wangapi. Kumbe, jamani, ndugu zao wa Rodesia waliposikia kuna mkwe kawekwa kapuni, nao waliacha vyungu jikoni wakavuka mpaka kuja kugonga!

Mara likaja pigo zito. KO! Nikadhani ni mama wa watoto wengi, nikamwambia kwa upole, "Asante mama. Umezaa watoto wangapi?"

Nikainua kalamu tayari kuandika.

"Mama, usione haya, ni swali la serikali."

"Mimi hapana zaa!" ikanguruma sauti ya Bwana Shauri. "Karani, toa kapu! Naona na macho!"

Nililing'ang'ania lile kapu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia paa lisichukuliwe na upepo, kwa maana mbele yangu walikuwa mama wakwe wote, na nyuma yao, najua, alisimama Tabitha wangu anatazama.

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mama mkwe mwenyewe, akiwaambia wenzake: "Mliolala ng'ambo, rudini, vyungu vinaungua. Tuliolala hapa, jifunikeni." Kukawa na vishindo, kukawa na minong'ono. Halafu akasema, "Baba Tabitha, mwambie mtoto atoe kapu."

Nikalitoa. Mbele yangu safu ya kaniki zimesimama, hakuna sura hata moja. Nikawaona kwa macho, sikumwona mtu, amri imetimia na mila imetimia! Nikaifuta ile mistari ya kapuni, nikahesabu upya, hesabu ikakaa sawa. Ila Bwana Shauri alinitazama, akaegemea ghala, akacheka hadi machozi, na kaniki zote zikaanza kutikisika kwa kicheko, maana nilikuwa mweupe pe kuanzia utosi hadi kidevu, Bwana Shauri wa pili, mwenye kope za unga.

Niliapa siku ile, na kiapo sijakivunja: serikali ikihesabu watu tena, nipelekeni Kamsamba nikaungue jua, kwa wakwe siendi.

Tabitha nilimwoa. Ile siku ya kusalimiana ilipofika, nimeketi mkekani nimeinamisha kichwa, mama mkwe akaja na kuku wake wa salamu, akasimama mbele yangu, na kabla hajanipa mkono akanigonga utosini, ko, ko, akasema, "Mwanangu, mara hii nihesabu vizuri." Nikainua uso, nikamwona.