Shingo ya Kondoo, Mkono wa Mama

Mama alikunja sweta mkono wa kushoto tu. Wa kulia aliuficha chini ya kitenge, na daktari alipopita mbele ya benchi letu aliniuliza tena kama mgonjwa amekubali. Nilitikisa kichwa kuwa bado. Akasema atapita mara ya mwisho kabla ya kufunga orodha ya upasuaji.

Tulikuwa hospitalini Iringa, baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Figo za mama zilikuwa zimeshindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine. Mashine inataka damu nyingi na ya kasi, kwa hiyo mwaka uliopita walimuunganishia mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi, kwenye mkono wa kushoto. Pale palipounganishwa palinguruma chini ya ngozi kwa miezi kadhaa, kisha pakaziba. Tangu hapo alitumia mpira uliopitishwa shingoni, na mpira huo ulishamletea homa iliyokaribia kumuua. Uliobaki ni mkono wa kulia. Mama alisema huo ni wa jembe na hauguswi.

Iliniuma zaidi kwa sababu kazi yangu ni hiyohiyo. Mbeya, nje kidogo ya Iyunga, mradi wetu unafuga kondoo ili tujue kwa nini maungio hayo huziba. Kondoo ana shingo nzuri kwa kazi hii. Ateri yake, mshipa utokao moyoni, ni ndefu, imenyooka kando ya koo, na unene wake haupishani sana na wa mtu. Vena yake, ule unaorudi, ni pana, iko juujuu. Kifuani hatufanani naye, maana ateri zake zote mbili za shingo huanzia kwenye shina moja, na zetu sivyo. Lakini vena yake ikisukumiwa damu ya ateri hukomaa na kuwa nene kama ya binadamu, na wakati mwingine huziba vilevile. Wengi wa kondoo tuliowaunganisha hivyo shingoni, maungio yao yalikuwa yameshaziba. Alibaki jike mmoja mweupe, na mimi nilikuwa nimemwekea matumaini yangu yote kimyakimya.

Simu ikaita. Alikuwa mtunzaji wetu mpya wa mifugo, mzee wa Kisafwa kutoka milimani. Kwa upole kabisa alinieleza kwamba yule jike mweupe amejitenga na wenzake, na amemshika akasikia kitu kinanguruma shingoni. Ameshanoa kisu. Ni heri amchinje sasa kuliko afe kibudu na nyama itupwe, na amepiga kunitaarifu tu.

Nikawaka. Nilimwambia aweke kisu chini, nikamuuliza nani kampa ruhusa, nikasema mengine ambayo hata sasa nikiyakumbuka nasikia haya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Binti, hata salamu huna?" akasema, akakata.

Nilipiga tena, hakupokea. Nikapiga tena na tena. Mama akauliza kuna nini, nikamweleza huku nikitaka kulia. Akatoa simu yake ya kitochi kwenye kitenge akaniomba namba.

Mzee akapokea.

"Kamwene, baba," mama akamsalimu kwa lugha ya kwetu. Kisha akamuuliza habari za mvua. Akamuuliza kama Mbeya baridi imezidi, na watoto wanaendeleaje, na mahindi. Nilikuwa nimesimama mbele yake nauma kidole, naona kisu kinapita pale hasa tulipounganisha. Nilitamani kumnyang'anya simu.

"Baba, mwekee kiganja shingoni," akasema hatimaye. "Bado inanguruma? Basi huo siyo ugonjwa. Hata mimi mkono wangu ulikuwa unanguruma hivyohivyo, nalala nimeuweka sikioni. Siku uliponyamaza ndiyo nikaumwa. Mwache angurume."

Kisha nikasikia mzee akimpa mama pole ya ugonjwa, na mama akiipokea bila haraka. Mzee akasema anakirudisha kisu ndani.

Nilikaa kando yake. Mama hakunitazama.

"Mshipa wa huyo kondoo haujaziba?"

"Bado, mama."

"Na utaziba?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Nilimwambia sijui, na kwamba ndiyo sababu tunamfuga.

Aliuinua mkono wa kushoto akauweka sikioni, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kulala. Alisikiliza muda mrefu mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kusikia. Kisha akautoa ule wa kulia chini ya kitenge, akakunja sweta taratibu mpaka kwenye kiwiko.

"Mwite daktari," akasema.

Nilikwenda mbio, kabla hajalikumbuka jembe.