Tulivyoiunga Kompyuta na Simu ya Baba

Siku hizi mgeni akiingia nyumbani kwetu Bongwe, kusini mwa Mombasa, hata viatu hajavua vizuri, huuliza neno la siri la waifai. Akipewa hulibonyeza kwenye simu yake, na papo hapo yumo mtandaoni, anacheka na watu walio mbali. Lakini ni mimi niliyeuingiza mtandao katika nyumba ile kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya tisini, na wakati huo haukuingia kwa neno la siri peke yake.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi ya kupokea simu katika hoteli moja ya Diani. Nilikaa nyuma ya mapokezi, katika chumba kisicho na dirisha, nimevaa vidude vya kusikilizia masikioni, nikiwaunganisha wageni na makwao. Watu waliiona kuwa kazi ya kukaa tu. Mimi niliipenda. Baada ya mwaka mmoja niliweza kujua kwa mlio peke yake kama laini imeshika, imekatika, au imeingia maji.

Masikio hayo nilianza kuyapata kwa baba. Baba alikuwa fundi wa nguzo za simu. Ujana wake aliumaliza kwenye barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, akichimba mashimo, akisimamisha nguzo na kuvuta waya. Simu yake mwenyewe aliipata alipokaribia kustaafu, ile nyeusi ya kuzungusha kwa kidole, ikawekwa sebuleni juu ya kitambaa alichokifuma mama. Nguzo ya mwisho ya laini yetu ilikuwa uani, hatua chache kutoka jikoni. Aliisimamisha kwa mikono yake.

Dada yangu mkubwa alikuwa India, akisomea ufamasia. Barua yake ilichukua wiki tatu kufika, na simu alipiga sikukuu za Idi tu, dakika mbili, moja yao ikiisha kwa salamu. Huku nyuma maneno yakazidi mtaani. Wengine walisema alikwisha kuacha masomo zamani, anafanya kazi za nyumbani kwa watu. Mzee mmoja wa msikitini alimwambia baba mbele za watu, "Mtoto wa kike hapelekwi mbali namna ile. Utamtafuta usimwone." Baba alirudi nyumbani, akatundika kofia yake msumarini, akakaa. Chai yake ikapoa na hakuigusa.

Mwaka ule dada akamaliza. Akatutumia kompyuta ya kupakata kwa mkono wa mwanafunzi mwenzake wa Mombasa aliyekuwa akirejea. Ilikuwa imekwisha kutumika, kifuniko kimechubuka na herufi mbili tatu zimefutika, lakini ilikuwa nzima. Mkobani mlikuwa na karatasi aliyotuandikia: "Mwambieni binamu atufungulie akaunti ya mtandao Mombasa. Picha za mahafali nitazituma kwa barua pepe. Nataka baba aone kwa macho yake."

Binamu yetu alikuwa fundi wa kompyuta Mombasa, na fundi wa kweli. Alikuja Jumapili asubuhi, akaamkia wazee, akakunja mikono ya shati. Shida ya kwanza ilijitokeza kabla hata hajaiwasha mashine. Waya wa kompyuta ulikuwa na kichwa kidogo cha plastiki cha kuchomeka, na simu yetu haikuwa na pa kuchomeka chochote. Waya wake ulitoka moja kwa moja kwenye kijisanduku cha ukutani.

Baba alisimama. "Lete kisu cha mboga," aliniambia.

Akakikata kile kichwa cha plastiki, binamu akatoa macho. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi nne za rangi. Baba akazimenya mbili za katikati, akakifungua kijisanduku na kuzikaza kwenye skurubu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka miaka hiyo. Aliposhika waya haikutetemeka.

"Zinazofanya kazi ni mbili tu," alisema. "Hizo nyingine ni mapambo."

Binamu akaiamuru kompyuta ipige namba ya Mombasa, ya kampuni ya mtandao alikotufungulia akaunti. Tukausikia mvumo wa laini ukitoka kwenye kispika chake, kisha milio ya juu na ya chini, tii, tuu, tii, kama kinanda cha mtoto. Kisha hakuna kingine. Kompyuta ikaandika kwamba haikupata jibu. Akajaribu tena na tena. Akabadilisha hiki, akabadilisha kile, akaizima na kuiwasha. Adhuhuri akaifunga.

"Laini yenu ndiyo mbovu, ami," alimwambia baba kwa adabu. "Simu yenyewe ni ya kale. Ombeni laini mpya."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. "Lakini ule mvumo haukukatika," nilisema.

"Mvumo gani?"

"Mvumo wa laini. Ulipokuwa ukipiga, uliendelea chini ya ile milio."

Akatabasamu. "Dada, wewe unapokea simu. Hii ni kompyuta, ni jambo jingine." Hakusema kwa ubaya. Alikula wali, akashukuru, akawahi feri kurudi Mombasa.

Baada ya chakula mama alilala kidogo, nami nikarudi sebuleni. Kompyuta nilikuwa nimeshaigusa kazini, ya mapokezi, lakini kuiamuru ipige simu sikuwahi. Nilifuata alivyofuata binamu. Mvumo, kisha tii, tuu, tii. Nikasogeza sikio. Mvumo ulikuwa palepale.

"Baba," niliita. "Kituo cha simu kikipokea namba ya kwanza, mvumo hunyamaza, au sivyo?"

"Hunyamaza."

"Basi huu haunyamazi. Kituo hakisikii chochote."

Baba aliondoka kitini, akauinua mkono wa simu, akanipa nisikilize. Akazungusha tatu. Kile kigurudumu kilipokuwa kikirudi nikasikia tuk, tuk, tuk, na mvumo ukanyamaza.

"Kituo chetu hiki ni kizee," alisema. "Nyimbo hakizijui. Ukizungusha tatu, waya unakatika mara tatu, nacho kinahesabu. Hicho tu ndicho kinachojua."

Hotelini tulikuwa na mtambo mpya wenye vibonyezo, na fundi aliyeuleta aliwahi kuniambia kwamba laini za nje haziielewi milio ile, kwa hiyo mtambo unaibadilisha kwanza. Kama mtambo wa hoteli ungeweza, huenda na kompyuta ingeweza, ikiwa itaambiwa.

Nikaanza kuzifungua kurasa za mipangilio, mmoja baada ya mwingine, huku nikiandika kwenye daftari kila nilichogusa ili niweze kurudi. Kwenye ukurasa mmoja nilikuta viduara viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa na neno la Kizungu nililolijua, lenye maana ya mlio, na ndicho kilichokuwa na nukta. La pili sikulijua maana. Nikaenda kuchukua kamusi yangu ya shule. Iliandika: mapigo ya mshipa wa damu.

"Mapigo!" nilipiga kelele hadi mama akaamka. Nikaihamisha nukta.

Safari hii kompyuta haikuimba. Iligonga. Tuk, tuk, tuk. Na kwa namba ya kwanza tu, mvumo ukanyamaza. Baba alishika ubao wa kiti. Tulikaa tukihesabu naye namba zote hadi ya mwisho, kisha tukasikia simu ikilia Mombasa, ikapokelewa, ukafuata mkoromo na mlio mkali kama paka wawili wanaogombana ndani ya bomba.

"Mmeivunja!" mama alisema, leso mkononi. "Vitu vya watu!"

"Haijavunjika, mama. Kompyuta yetu na ya Mombasa zinaamkiana."

Ikanyamaza. Imeshika. Katika sanduku la barua palikuwa na barua moja, ya dada, na kijimstari cha buluu kikaanza kujaa polepole kuonyesha inavyoingia. Kikafika robo, kikasimama. Laini imekatika. Nikapiga tena, ikafika karibu nusu, ikakatika. Mara ya tatu vilevile.

Niliinua simu na kusikiliza. Nyuma ya mvumo palikuwa na mkwaruzo mdogo, kama dagaa wanaokaangwa nyumba ya pili. Kwa mazungumzo usingeujali. Nikampa baba, naye akasikiliza kwa muda.

"Chumvi," alisema. "Upepo wa bahari umekila kiungo cha juu ya nguzo." Alitazama dirishani, kisha akatazama magoti yake. "Mafundi wakiitwa leo, watakuja mwezi ujao."

"Nitapanda mimi."

Mama aliingilia hapo hapo. "Mtoto wa kike? Juu ya nguzo? Watu watasema nini?"

"Watu wameshasema mengi," alijibu baba. Akavaa kofia, akaenda msikitini kuazima ngazi inayotumika kufikia kipaza sauti cha juu.

Nilivaa suruali kuukuu ya baba chini ya gauni, nikajifunga leso kichwani. Baba alimpa mama kazi yake: auinue mkono wa simu na aushike vivyo hivyo, asiurudishe mahali pake mpaka aambiwe, maana mtu akitupigia wakati nimeshika waya nitarushwa na umeme wa kengele. Mama alisimama sebuleni na ule mkono wa simu ameukumbatia kifuani, hakutikisika.

Nguzo ilikuwa ndefu kuliko ilivyoonekana kutoka chini. Nilipofika juu niliona mapaa ya makuti na ya mabati hadi Ukunda, na waya wetu ukienda kutoka nguzo hadi nguzo kuelekea barabarani. Jirani yetu, mama wa kutoka bara mwenye kibanda cha mboga, aliacha wateja wake akaja kusimama uani.

"Mzee, huyo msichana ataanguka!"

"Haanguki," alisema baba. Alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, unaona kiungo?"

"Nakiona. Kimeota kijani."

"Kifungue. Usivute, zungusha. Kwangua mpaka shaba ing'ae."

Nilikwangua kwa kisu kilekile cha mboga. Shaba ikatokea, nyekundu na safi. Nikazisokota nyuzi pamoja kama alivyoniambia, nikazipaka mafuta ya mgando, nikazifunga kwa utepe. Sauti ya baba ilikuwa tulivu, neno moja baada ya jingine, na nikajua hiyo ndiyo sauti waliyoisikia vijana wake wa kazi miaka yote ile. Nilikuwa sijawahi kumwona baba kazini.

Niliposhuka hakunisifu. Aliniangalia viganja, akasema, "Kanawe."

Barua iliingia yote mara ya kwanza. Niliifungua picha, na kompyuta ile, kwa uzee wake, ikaichora taratibu kuanzia juu. Kwanza anga, kisha kofia nyeusi ya pembe nne, na chini yake ushungi mweupe. Kisha macho. Mama alilia hapo hapo. Dada alikuwa amesimama mbele ya jengo la mawe, joho limemfika miguuni, cheti amekishika kwa mikono miwili. Chini ya picha ameandika kwamba amekuwa wa pili katika darasa lao lote.

Baba alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Usiizime," aliniambia, akatoka na ngazi.

Aliporudi baada ya sala ya alasiri alifuatana na watu kama kumi, na yule mzee wa msikitini alikuwamo. Walivua viatu, wakaingia sebuleni wakainamia kioo kidogo kile kwa zamu. Yule mzee alikaa nacho zaidi ya wengine.

"Mashaallah," alisema hatimaye. "Hongera, ndugu yangu."

"Ahsante," alisema baba. Kisha akanielekeza kwa mkono mimi niliyesimama mlango wa jikoni na sinia ya kahawa. "Na aliyemleta dada yake hapa ni huyu. Kapanda nguzo mwenyewe." Sikujua niangalie wapi. Nikamimina kahawa hadi ikamwagika kwenye sinia.

Binamu nilimpigia siku ya pili kumweleza. Akasema, "Hebu nielekeze vizuri, nina wateja wawili Msambweni wana shida kama yenu." Nikamwelekeza, naye akaandika. Mwaka uliofuata niliomba mafunzo ya ufundi wa mitambo ya simu nikakubaliwa, na kazi hiyo ndiyo niliyoifanya maisha yangu yote. Dada alirudi, akawa mfamasia huku huku kusini.

Lakini jioni ile ya Jumapili, watu walipokwisha kuondoka, baba alisema tumjibu. Nilimweleza kwamba barua pepe huandikwa kwa ufupi. Hakukubali. Alikaa wima kitini akanisomea: kwa mwanangu mpenzi, salamu nyingi sana, ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Niliandika kila neno, nikitafuta herufi zilizofutika kwa kubahatisha. Akampa hongera, akamtajia kwa majina wote waliokuja kuiona picha. Alipofika mwisho alifikiri kidogo.

"Mwandikie," alisema, "kwamba laini ni safi sasa, haina hata mkwaruzo. Mdogo wake ameitengeneza. Akipenda na atume picha nyingine."