Malenge Juu ya Paa la Sifuna

Kathini hakuwa mtu wa kusahau. Waliokua naye Kitui wanasema hata alipokuwa msichana, ukimpiga kikumbo kisimani leo, hakujibu kitu. Alikungoja. Siku moja, nawe umejitwika ndoo yako, ndipo ungejua kwamba ile hesabu ilikuwa bado wazi.

Huko Sarang'ombe, mtaa wa mabanda jijini alikohamia baadaye, walimwita Mama Mutunga, kwa jina la kifungua mimba wake, na walimjua kwa mboga zake za sukuma wiki. Hakuwa na ardhi hata ya kuzika paka. Alikuwa na magunia ya udongo yaliyosimama kwenye uwazi mbele ya mlango wake, kila moja na nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike mpaka chini, na miche imechomekwa kwenye matundu ya ubavuni. Aliharibu mimea mingi kabla ya kujua anachofanya. Mwanzoni alipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, na mizizi ikazungukazunguka humo ndani mpaka ikajisonga yenyewe, majani yakabaki madogo kama ya mchicha. Ndipo akahamia magunia. Kuhusu jua alijifunza kwa wateja: sukuma iliyokaa gizani hurefuka shingo, huwa nyembamba na ya manjano, na mteja akiishika tu, anairudisha mezani.

Mboga zake aliziuzia kwenye kibanda, njia ya kwenda Makina. Kilikuwa cha mabati aliyoyapaka rangi ya kijani kwa mkono wake mwenyewe, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa nyeupe: MAMA MUTUNGA MBOGA SAFI.

Kisha uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 ukaja, matokeo yakatangazwa, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana makabila. Januari ilipofika na maneno yakazagaa kwamba Wakamba, kabila lake, ni wasaliti, Kathini alibeba watoto na blanketi akakimbilia Kawangware, kwa dada yake Kasiva. Walilala sakafuni, chini ya meza. Huko ndiko alikosikia kwamba kibanda chake kimebomolewa na mabati yamebebwa. Alilia kidogo, akajipangusa. Nyumba iko, alijiambia, na magunia yako.

Alirudi mwezi wa tatu, wakubwa walipokwisha kupeana mikono. Nyumba ilikuwepo kweli. Magunia pia yalikuwepo, nusu yamekauka. Lakini upande wa pili wa uwazi, pale jua la asubuhi lilipokuwa likiingilia, palisimama ukuta. Jirani yake Sifuna, fundi wa kushona nguo, alikuwa amejizungushia mabati marefu. Mabati ya kijani. Na juu yake, kichwa chini miguu juu, herufi nyeupe zilimtazama Kathini akiwa mlangoni pake. Lilikuwa jina lake.

"Baba Vincent," alimwita Sifuna, sauti chini. "Hii mabati umetoa wapi?"

"Nilinunua kwa vijana," Sifuna akasema, bila kuacha kushona. "Mambo ilikuwa moto, mama. Nilikuwa naogopa kuchomewa. Kama si mimi, angenunua mwingine."

"Na jina hukusoma?"

"Ilikuwa imepinduka."

Haya, nyinyi semeni. Mtu anayesoma vipimo vya kiuno cha watu kutwa nzima ashindwe kusoma jina la jirani yake eti limepinduka! Kathini alimwendea mzee wa mtaa. Mzee akakuna kidevu, akamwambia kwamba nchi ndiyo kwanza imetulia, mambo ya nani alichukua nini yaachwe, asije akawasha tena moto kwa sababu ya mabati. Kathini akasema asante. Aliporudi alitazama miche yake imejinyoosha, rangi imepauka, inautafuta mwanga usiokuwepo, na moyo ukamjaa nyongo. Mabati yake mwenyewe yalikuwa yakiziua mboga zake mwenyewe, na kule nyuma ya ukuta yule bwana anakunywa chai.

Basi akaanza kumchunguza Sifuna. Nyumba yake haikuwa na dirisha, na stima ilikatika tangu Januari. Mwanga wote wa kushonea ulitoka juu, kwenye bati moja jeupe la plastiki lililowekwa katikati ya paa, na cherehani ilikaa chini yake hasa. Kathini alilitazama bati lile kwa muda mrefu.

Nyuma ya nyumba ya Sifuna, kando ya mtaro, palikuwa na nafasi ya gunia moja. Sukuma isingedumu pale. Wapita njia wangeichuma. Alipanda malenge. Wala hakulipanda kwa uvivu. Alilikata gunia kitako ili mizizi isikomee ndani, ishuke mpaka kwenye udongo mweusi wa mtaroni, ikanywe itakavyo. Mvua za masika zikalikuta. Kufikia mwezi wa tano shina lilikuwa nene kama kidole gumba, limepanda ukuta, limefika juu kwenye jua, na majani mapana kama sinia yametambaa paa zima.

Mke wa Sifuna, Phanice, alifurahi sana, maana kwao majani ya malenge, seveve, ni mboga ya heshima. Alisimama kwenye stuli akiyachuma ukingoni mwa paa.

"Chuma tu, dada," Kathini alimwambia kwa upole. "Ila chuma ncha."

Alimwambia hivyo kwa sababu malenge likikatwa ncha hutoa matawi mengine mawili. Phanice alichuma, akapika, na kila alipochuma giza lilizidi kumfunika mumewe.

Sifuna akaanza kushona pindo zikaenda upogo. Wateja wakanung'unika. Alijaribu kulivuta malenge kwa upembo, lakini vikono vyake vilikuwa vimelikumbatia lile bati la plastiki, na plastiki ya zamani ikapasuka, mvua ikalowesha suti ya mtu. Hapo akaelewa kwamba mmea ule lazima ukauke wenyewe, kuanzia shinani, na shina lilikuwa mali ya Kathini. Alikuja mlangoni kwa Kathini, kofia mkononi.

"Mama Mutunga, nimekosa. Niliona jina lako. Nilijifanya sijaona. Nitatoa mabati yako yote leo, na wewe ukate hiyo kitu."

Kathini alisema sawa. Sifuna alibomoa ukuta siku hiyo hiyo, akampelekea mabati mlangoni, akayapanga vizuri. Jua likaingia kwenye uwazi. Kisha Kathini akachukua kisu, wakaenda wote wawili nyuma, na mbele ya macho yake akalikata shina la malenge juu kidogo ya gunia. Wakapeana mikono.

Lakini Kathini alijua jambo ambalo fundi wa nguo hakulijua. Mabonde ya paa la Sifuna yalikuwa yamejaa vumbi la miaka, majani yaliyooza na takataka za majirani, na malenge, kila fundo lake lilipogusa udongo, lilikuwa limetoa mizizi mingine. Alikuwa ameiona, myeupe na minene, akayafumba macho. Shina lilikatwa, malenge halikujua. Yeye alitaka Sifuna abaki gizani, akae humo kama yeye alivyokaa chini ya meza ya Kasiva, na roho yake ilistarehe.

Sukuma zake zilianza kurudisha rangi. Siku chache tu.

Asubuhi moja alifungua mlango akamkuta Sifuna kwenye uwazi, pale pale uliposimama ukuta, na cherehani yake. Juu, amefunga turubai kubwa la bluu kutoka paa hadi paa, nguo za watu zisilowe. Chini yake magunia yote ya Kathini yalikuwa kwenye kivuli.

"Sasa, mama," Sifuna alimsalimu. Hakuwa na kinyongo hata chembe. "Ndani giza bado. Hiyo malenge inakataa kukauka, sijui kwa nini. Nitakaa hapa tu mpaka ikauke, halafu nirudi ndani. Si unajua sina pahali pengine iko na mwanga?"

Kathini alisimama na kisu cha kuchumia mkononi. Neno moja tu lingetosha. Angesema, panda na fagio, uondoe ule uchafu mabondeni, ndimo mizizi ilimo. Lakini Sifuna angeuliza tangu lini anajua.

"Vitu vya shamba ni polepole, Baba Vincent," akamwambia.

Akainama kwenye gunia la kwanza, akachuma majani yaliyokuwa bado na rangi. Mwezi wa sita uliisha, baridi ya mwezi wa saba ikaingia, na cherehani iliendelea kulia mlangoni pake. Sukuma zilirefuka shingo, zikapauka, na wateja wakazishika na kuzirudisha. Phanice bado alichuma ncha. Kathini bado hakuwa amesema.