Goti la Kushoto Hadi Kamachumu

Goti ndilo lililonitoa Dar. Nimecheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka tisa, minane hapa nchini na mmoja Kigali. Mwezi uliopita daktari aliniambia goti la kushoto limemaliza kazi: nifanyiwe upasuaji wa pili nipate kutembea vizuri, kucheza nisahau. Baba hakujua hata upasuaji wa kwanza. Nilipoacha chuo cha ualimu nikafuata mpira, alisema maneno mawili tu: "Mpira utakutupa." Sikutaka kumpelekea ushahidi kwa simu, nikakata tiketi.

Bukoba nilitua mchana. Nilifikia kwa Mwalimu Zuberi, aliyenifundisha kudunda mpira nikiwa sekondari. Mkewe alituandalia sato na ndizi, tukala tukikumbushana mechi za zamani.

"Mzee anajua habari za goti?" Mwalimu akauliza.

"Hajui."

"Sasa utamwamkiaje?"

Nikarudisha tonge sahanini. Binti wa Kihaya humwamkia baba yake kwa magoti, na goti langu halikunjiki hata nusu. Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hicho.

"Mpigie leo," akasema. "Usimwache alione mlangoni."

Nikaahidi kupiga. Sikupiga.

Asubuhi nilipanda gari la Kamachumu, siti ya mbele, mguu nimeunyoosha. Dereva aliupima urefu wangu kwa macho akauliza kama mimi ni askari magereza. Tulipopinda Muhutwe kuanza kupanda, mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wanaondoa maturubai kwenye buni waliyoanika. Kwa kawaida kilima kile hunifurahisha. Siku hiyo niliomba gari liharibike.

Saa nne nilikuwa nyumbani. Baba alikuwa kibarazani na shangazi Koku pamoja na wazee wawili wa usharika, wanatafuna punje za kahawa. Nikasimama mbele yao.

"Shikamoo, Tata."

Hakuitikia. Alikuwa anasubiri nishuke.

"Waitu!" shangazi akasema. "Mpira umemfundisha kuamkia wazee wima kama nguzo ya umeme!"

Mzee mmoja akainamia kibakuli cha kahawa. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikashika nguzo ya baraza nikajaribu kukunja goti, na maumivu yakanitoa machozi mbele za watu.

"Acha," baba akasema. Akainuka, akanisogezea kiti chake mwenyewe. "Limefanya nini?"

Nikasimulia yote: nilivyoanguka uwanjani, upasuaji, maneno ya daktari. Shangazi alikuwa ameshika mdomo.

"Hospitali ulikaa na nani?" baba akauliza.

"Mchezaji mwenzangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema ulishaniambia."

"Ningesema," akajibu. "Halafu ningepanda basi nije."

Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akaitikia salamu yangu.

"Marahaba, mwanangu."

Siku tatu nilizokaa pale sikuruhusiwa kuinua hata ndoo. Shangazi alinipikia ndizi zetu, ebitoke, kila mlo, bila kuomba radhi, lakini nyama yote kubwa iliishia kwenye sahani yangu. Jioni baba aliniuliza mambo ya kikapu ambayo hakuwahi kuyauliza: kwa nini wanapiga filimbi kila wakati, na kama ni kweli nilikuwa nahodha. Nilikuwa nahodha misimu minne. Nilimwambia, akarudia kwa jirani akaongeza mmoja.

Kurudi Dar hakutaka kusikia habari ya ndege. Siku ya nne, alfajiri, tulipanda basi Muleba, yeye na mimi, maana upasuaji ulikuwa wiki iliyofuata. Alinichagulia siti yenye nafasi ya mguu, yeye akabanana na begi lake la nguo.

Tulipofika Biharamulo akakohoa.

"Lakini nilikuambia."

"Ndiyo, Tata."

Akalisukuma begi lake chini ya mguu wangu ulale vizuri, akageuka kutazama nje. Miaka tisa nimeyakimbia maneno hayo, nikalazwa hospitali bila baba kwa kuyaogopa. Nilipoyasikia hatimaye, hayakuuma hata robo ya goti.